Daftari Lisilosomwa

Kiini cha Linux kilianza kugawa rasilimali kwa vikundi vya michakato mwaka 2008, katika toleo 2.6.24, kwa juhudi za wahandisi wa Google. Siku hizi kila kikundi kina hesabu zake kwenye faili, hazikufichwa: memory.current ni kumbukumbu inayotumika sasa, memory.max ni kikomo. Haya, nani asome? Java ya zamani, iliyofungiwa kwenye kontena, yaani kikundi chenye kikomo cha megabaiti 512, ilichungulia /proc/meminfo, ikaona gigabaiti 64 za seva nzima, ikajipimia robo yake. Mpangaji wa chumba kimoja huyo, anaagiza makochi ya ghorofa zima! Kikomo kikivukwa, kiini hakibishani, huua programu, kisha huandika kifo kwenye memory.events. Fundi naye hafungui hata faili hilo. Anapandisha kikomo maradufu, anaenda zake kunywa chai.