Sifa za Maneno ya Baada ya Kipigo

Ushindi hauna shida ya kusifiwa. Una vikombe, una matarumbeta, una gari la wazi la kuzungukia mji. Leo naomba nimsifu yatima asiye na hata medali ya bati, naye ni uchambuzi wa timu iliyofungwa. Namjua vizuri, maana mimi ni mtunza vifaa wa timu ya chuo kimoja cha huku Ruvuma: kabla ya mechi napanga jezi, wakati wa mechi nabeba maji, na baada ya mechi nakaa kiti cha nyuma na gunia la jezi chafu, nasikiliza.

Jumamosi moja tulikwenda Ruanda, wilayani Mbinga, kucheza na vijana wa pale. Ni nchi ya makaa ya mawe. Malori ya mgodi yanapita mchana kutwa, na vumbi la uwanjani hukupa kikohozi kabla hujagusa mpira. Tukala 4-1. Lile moja letu nalo beki wao alijifunga, kwa hiyo kwa hesabu za haki mabao yote 5 waliyafunga wao. Filimbi ya mwisho ikalia. Mgeni wa soka angedhani mchezo umekwisha.

Kabla dereva hajawasha Coaster, tulikuwa na makocha 26.

Hapo ndipo ukuu wa jambo hili unapoonekana. Uwanjani walikuwa 11 wasiojua mpira uko wapi. Garini kila mmoja alijua mpira ulitakiwa uwe wapi, dakika ya ngapi, kwa mguu upi. Kiungo aliyeshindwa pasi ya hatua 3 alieleza kwa ufasaha namna ya kulitawala dimba la kati. Mshambuliaji aliyepaisha mpira kipa akiwa chini aliwafundisha mabeki kukaba. Niambie, ni chuo gani kingine kinachotoa wataalamu wengi hivyo kwa saa moja, tena bila ada?

Uchambuzi una huruma pia. Humwondolea lawama kila aliyemo garini kwa kumtwika asiyekuwemo. Refa hakuwemo, basi refa alikuwa amekula ugali wa wenyeji mchana ule. Mshika kibendera hakuwemo, basi hajui kuotea ni nini. Uwanja nao haukuwemo, kwa hiyo ukawa umeinama. Ikasemwa hata kwamba goli la upande wa barabarani lilishughulikiwa na kamati ya ufundi ya wenyeji, na anayelijua soka letu anajua kamati hiyo hufanya kazi usiku na wala haidaiwi cheti cha CAF. Kwamba baada ya mapumziko tulibadilishana magoli na bado tukafungwa mengine 2, hoja hiyo haikupata mchangiaji.

Na asije mtu akasema desturi hii tumeiiga mjini. Ina ukoo, na ukoo wenyewe uko ufukweni mwa ziwa letu. Mwezi Agosti 1914 meli ya kivita ya Waingereza, Gwendolen, iliingia Liuli, ambako Wajerumani walikuita Sphinxhafen, ikaifyatulia mzinga Hermann von Wissmann, meli ya Kijerumani iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Manahodha wao, Rhoades na Berndt, walikuwa marafiki wa kunywa pamoja, na habari kwamba vita imeanza zilikuwa hazijamfikia Mjerumani. Inasimuliwa kwamba Berndt alikwenda na kiboti hadi kwa mwenzake, amefura kwa hasira, akamuuliza kama amelewa. Tazama uzuri wa uchambuzi huo: umefungwa ukiwa gereji, golini hukuweka hata kipa, na neno lako la kwanza ni kwamba mwenzio kalewa!

Tena bila kipigo tungesahau mengi. Mwulize shabiki wa Yanga siku aliyozaliwa shemeji yake, atakuna kichwa. Mwulize habari za 5-1, atakutajia tarehe 5 Novemba 2023 kabla hujamaliza swali. Wa Simba atamrudishia 5-0 ya tarehe 6 Mei 2012, na akiona haitoshi atapanda hadi 6-0 ya tarehe 19 Julai 1977, siku ambayo huenda hata mama yake alikuwa bado shuleni. Ile 5-1 ilichambuliwa kwa kasi ya ajabu: siku 2 baadaye Simba walikuwa wameachana na kocha wao, Robertinho. Wachezaji ni 11, kocha ni mmoja. Ukipiga hesabu ya virago, jibu unalo.

Songea nako, Majimaji walichukua ubingwa mwaka 1985, 1986 na 1998. Jambo hilo watu hulisema kwa sentensi moja, kisha wakanyamaza, kwa sababu ushindi hauna la kuongeza. Lakini waulize ilikuwaje Wanalizombe hao wakashuka daraja mwisho wa msimu wa 2017/18. Hapo vuta kiti, agiza chai, na simu uipige nyumbani useme utachelewa.

Wapo wabishi wanaotaka uchambuzi uwe kama ngoro, mashimo ya kilimo ya huku kwetu. Mmatengo analima kwenye mteremko mkali, na majani anayofyeka hayatupi. Huyalaza kwa mistari inayokatizana, akachimba udongo wa katikati na kuyafukia nao. Shimo likabaki la kunasa maji ya mvua, na majani yakaoza yakawa mbolea. Wanasema kipigo nacho kifukiwe hivyo, kioteshe msimu ujao. Fikra ya hatari kabisa! Sisi shimo tunalichimba, tena refu. Ila tunayemfukia ni refa.

Hatari yenyewe ilitukuta njiani. Tulikuwa tumefika Amani Makoro, mjadala umeiva, watu wanasimama kwenye viti ili wasikike vizuri, ndipo kipa, aliyekuwa kimya tangu Ruanda, akasema taratibu: “Jamani, wale walituzidi tu.”

Gari zima likanyamaza. Hakuna aliyepinga, na hilo ndilo lililotisha. Ukisema refa mbovu, watu watabishana hadi alfajiri. Ukisema mlizidiwa, mtabishana na nini? Tulikwenda hivyo, tukisikia injini na kokoto tu, hadi Kitai tulipoikamata lami. Hapo nahodha akapata pumzi: “Lakini na wewe kipa, lile la tatu ulikuwa unatoka kwenda wapi?” Tukashukuru Mungu. Mjadala ukafufuka, na safari hii mkosaji alipatikana tukiwa naye humo humo garini.

Jumapili nilifua jezi. Ya kipa niliisuuza kwenye beseni 3, na maji bado yalitoka rangi ya matofali. Za mabeki zilichukua beseni 2. Kisha nikaichukua jezi ya yule aliyeongea kuliko wote kutoka Ruanda hadi Kitai, nikaichovya, nikaikamua. Maji yalibaki kama yalivyotoka bombani.

Namba yake siitaji. Jumamosi ijayo tuna mechi nyingine, na safari ya kurudi ni ndefu.