Majibu ya Mzee Pampu

Nimeufungua mfuko wa barua za juma hili kutoka kwa wasomaji wa safu hii, tangu walio hapa Kapalamsenga hadi wale wa Ikola, Karema na Mpanda mjini, na kukuta kwamba karibu zote zina kilio kimoja, yaani matairi yanayonata. Nimezichagua zile ambazo zilisomeka, kwa sababu nyingine zilifika zikiwa zimegandana na bahasha.

*

*Shikamoo Mzee Pampu. Mimi ni mrina asali. Dumu langu lilivuja njiani na tairi la nyuma limejaa asali, nta na vumbi, hata nyuki wananifuata hadi sokoni. Jirani yangu asema nilipanguse kwa petroli. Nifanyeje?*
*Mrina Asali, Kapalamsenga*

Marahaba, mwanangu. Jirani yako ana nia njema, walakini nia njema yenye kidumu cha petroli mkononi imeangamiza matairi mengi kuliko miiba ya porini. Asali na nta, ijapokuwa zimetoka mzinga mmoja, tabia zao hazilingani hata kidogo: asali ni sukari, nayo huridhika kwa maji ya uvuguvugu na sabuni bila ya kushurutishwa, lakini nta haiyajali maji wala sabuni, bali hutii joto na baridi peke yake. Huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na katika asubuhi za Juni na Julai, kipupwe kipigapo, huwa kavu na kuvunjika vipande vipande. Basi anza jioni kwa kuiosha asali, ulilaze gurudumu nje mahali pa wazi, na alfajiri, kabla jua halijaamsha ile nta, uikwangue kwa kijiti cha mwanzi ukifuata mitaro ya tairi mmoja baada ya mwingine. Usitumie kisu. Vumbi litakalobaki lisugue kwa gunzi la hindi, ambalo kwa kazi hii halina mfano, maana lina ukali wa kutosha kung'oa uchafu na upole wa kutosha kuuhurumia mpira.

Ama petroli na mafuta ya taa, sikiliza hoja yangu kisha uijaribu mwenyewe. Kata kipande cha tyubu kuukuu, ukipime kwenye kiganja chako, kisha ukitumbukize katika kikombe cha mafuta ya taa ulale. Asubuhi utakikuta kimenenepa, kimelegea, na ukikivuta kitakatika pasipo ubishi. Mpira hunywa mafuta ya namna hiyo kama mlevi, na tairi lililonyweshwa leo litadhihirisha madhara yake baadaye, aghalabu siku umebeba mzigo mzito. Ukilazimika, kwa mfano kwa madoa sugu uliyoyaokota Mpanda, tia spiriti kidogo kwenye kitambaa, upanguse haraka, na uoshe papo hapo. Mafuta ya taa yaache kwa vyuma, tena si kwa rimu, kwani rimu yenye mafuta huifanya breki kuwa pambo, na njia ya kushuka ziwani haina heshima kwa mtu mwenye breki za pambo.

*

*Mzee, nilisafirisha mbao za mninga. Asubuhi nikakuta tairi lina utomvu mwekundu kama damu, unanata. Mke wa kaka yangu asema nimetupiwa jambo. Nimwite mganga?*
*Mwenye Hofu*

Ndugu yangu, mninga ukikatwa hutoa utomvu mwekundu, na hivyo ndivyo ulivyofanya tangu kabla ya shemeji yako kuzaliwa. Ukiwa mbichi utatoka kwa maji ya moto kiasi. Ukikauka, jaribu spiriti. Fedha ya mganga nunulia pampu.

*

*Shikamoo baba. Mume wangu hushinda barazani na tyubu mapajani akibandika viraka, na solusheni amemwaga kwenye tairi, kwenye kiti na kwenye mkeka wangu. Sasa kila nikimwomba anipeleke Karema kwa wazazi wangu, husema tairi linanata mchanga, baiskeli haiendi. Je, ni kweli au ni hila?*
*Mama wa Nyumba Iliyonata*

Marahaba, binti yangu. Swali lako lina pande mbili, na nitaanza na ule wa mpira, kwa kuwa mpira ni rahisi kuliko mume.

Solusheni si kitu kigeni kwa tairi. Ni mpira wenyewe ulioyeyushwa katika majimaji ya jamii ya petroli. Majimaji yale yakiruka hewani, kinachobaki ni utando wa mpira. Kwa hiyo mtu mwenye haraka, anayeipaka kwenye tundu na kukandika kiraka kikiwa bado chepechepe, hupata hasara mara mbili: kiraka hakishiki, na solusheni hutiririka pasipotakiwa. Yampasa asugue kwa msasa, apake kidogo, angojee hadi utando upoteze ung'avu wake na kidole kikigusa kisitoke na uzi, ndipo akandamize kwa nguvu zake zote. Mumeo, kwa kadiri ya maelezo yako, hapungukiwi na nguvu. Anapungukiwa na subira.

Sasa dawa. Iache solusheni iliyomwagika ikauke kabisa, kisha uisugue kwa dole gumba. Utaona inajikunja na kutoka katika vijiti vyembamba vya kijivu, kama uchafu wa ngozi bafuni. Vikusanye vijiti hivyo, uvifinyange viwe donge la ukubwa wa karanga, kisha uligandamize na kulinyanyua juu ya kila doa lililosalia, maana hakuna kitu kiokotacho mpira mbichi kwa uaminifu kuliko mpira mbichi mwenzake. Donge hilo litasafisha tairi na kiti. Kwa mkeka sitoi ahadi.

Ama upande wa pili: kazi hiyo haizidi muda wa kuchemsha maharage. Ikiwa kesho tairi litakuwa safi na mumeo bado hana njia ya Karema, niandikie tena, nitakuelekeza kwa mwenye safu ya mambo ya ndoa.

*

*Mzee Pampu, natarajia kuoa. Ili Phoenix yangu ipendeze, nilizipaka tairi oili chafu ya gari zing'ae, nikaianika baiskeli juani. Ziling'aa kweli. Sasa ubavu wake umekuwa laini kama unga wa chapati, na kila nikisafisha hunata upya. Mjomba asema ni vumbi la shaba ya mgodi wetu. Nitumie sabuni gani?*
*Bwana Harusi Mtarajiwa*

Mwanangu, ondoa sabuni. Wewe unatafuta kitu kilichoganda juu ya tairi, na hakipo. Kinachonata ni tairi lenyewe.

Hili ni tatizo la kale. Mpira mbichi, kama ule waliokuwa wakiugema wazee wetu kutoka katika mimea itambaayo ya porini ya jamii ya mbungo ili kuwauzia wafanyabiashara, hulainika kwa joto na kuwa mgumu kwa baridi. Wamarekani na Waingereza walipoutengenezea viatu na makoti, kiangazi kilivigeuza kuwa uji unaonuka. Charles Goodyear ndiye aliyegundua mnamo 1839 kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kutiwa moto hupata uthabiti, na ilikuwa baada ya hapo tu ndipo John Boyd Dunlop, tabibu wa wanyama wa Belfast, alipoweza mwaka 1888 kumfungia mwanawe matairi ya upepo kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu. Goodyear mwenyewe alifariki mwaka 1860 akiwa na madeni mazito. Na wewe, kwa tambara moja la oili chafu na jua la Katavi, umejitahidi kuibatilisha kazi yake.

Lakini mjomba wako usimcheke. Wenye viwanda vya mpira wanaiogopa shaba kwa haki, kwani hata chembe zake chache, zikiingia ndani ya mpira, huiharakisha hewa kuuozesha hadi ukalainika na kunata. Ndiyo maana singekushauri uhifadhi tairi jipya juu ya magunia ya mawe ya kijani kutoka mgodini. Hata hivyo, vumbi la barabarani siwezi kulitia hatiani wakati mshitakiwa mwingine, yaani oili, amekiri kwa maandishi yako mwenyewe.

Tairi hilo haliponi. Unaweza kulinyunyizia majivu makavu likaacha kunata kwa siku ya harusi, basi. Ikiwa uwezo wako ni tairi moja jipya, lifunge mbele, na lile bovu libaki nyuma, maana tairi la nyuma likipasuka utayumba, na la mbele likipasuka utaanguka, pengine pamoja na bibi harusi.

*

*Shikamoo babu. Sisi ni wanafunzi. Tulipaka ulimbo wa kunasia ndege kwenye tairi za baiskeli ya mwalimu. Sasa tunaogopa. Unatokaje kabla ya Jumatatu?*
*Tusiotajwa*

Marahaba, wajukuu. Msikimbilie mafuta ya taa, kwa sababu mtaongeza kosa la pili juu ya la kwanza, nalo hugharimu bei ya tairi. Nyunyizeni majivu laini yaliyochekechwa hadi ulimbo usishike tena kidole, kisha sugueni kwa gunia kavu, mkiongeza majivu kila unapoanza kunata upya. Wawili wanyanyue baiskeli, mmoja azungushe gurudumu, mmoja asugue. Mwisho osheni kwa sabuni, na msisahau pembeni mwa rimu, pale breki inapobana. Mkifumaniwa, semeni mlikuwa mkimwoshea mwalimu baiskeli. Na akiuliza ni nani aliyewafundisha, gazeti hili hamjapata kulisoma.