Chupa ya Chai Haiuzwi

Mama yangu mkubwa anauza samani za watu wenye pesa: vitanda vya mninga vyenye nakshi, viti vya mvule, na makabati ambayo mafundi wake wa Keko huyaunga mbao ndani ya mbao bila msumari hata mmoja. Mwaka jana aliamua duka liingie mtandaoni. Kwa kuwa mimi ndiye niliyesomea kompyuta katika ukoo, kazi ikaniangukia, malipo yakiwa baraka za mzazi.

Sharti lake la kwanza: bei isiandikwe. Chini ya kila picha tukaweka "Bei njoo inboksi". Wateja walikuja, wakauliza, wakajibiwa, wakayeyuka. Nikamwambia mwenye milioni nne mkononi hana muda wa kubembeleza bei. "Na wewe unadhani hizo milioni nne alizipataje, mwanangu?" Tukakutana katikati: bei iandikwe, na chini yake "Maelewano yapo".

Kisha picha. Mpiga picha alituachia mafaili makubwa ajabu, na kwenye simu ya mtu mwenye bando la kubahatisha picha ilikuwa inashuka kutoka juu polepole: ukuta, ukuta tena, halafu saa ya ukutani. Mteja mmoja alipiga simu: "Ukuta nimeupenda. Kochi linakuja lini?" Nikazipunguza uzito, na nikazipanga zitokee zote kwa ukungu kwanza ndipo zijisafishe. Mama mkubwa alipouona ule ukungu alinituhumu kuharibu vanishi.

Vipimo navyo vilikuwa kwa sentimita, kama miongozo inavyotaka. Hakuna aliyejua kitanda cha 183 kwa 183 ni kitu gani. Huku kwetu kitanda ni tano kwa sita au sita kwa sita, basi. Futi zikarudi. Tatizo likabaki kwenye picha, maana mbele ya kitambaa cheupe meza ya kulia chakula na stuli havina tofauti. Mama mkubwa akachukua chupa yake ya chai, ile yenye maua mekundu, akaiweka juu ya meza. Nakiri kwamba hakuna mtaalamu wa tovuti aliyewahi kunifundisha jambo la maana kama hilo. Kila Mtanzania anajua ukubwa wa chupa ya chai, na tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena ukubwa wa meza. Waliuliza chupa. Nikaandika kwa herufi kubwa: CHUPA YA CHAI HAIUZWI. Mmoja akajibu: "Maelewano yapo?"

Tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022 nyumba nyingi zina namba, nami nikaweka kisanduku cha mtaa na cha namba. Watu wakajaza: "Ukiacha lami uliza kwa mama muuza uji, geti la bluu, mbwa hang'ati." Nikaondoa kikomo cha herufi, yakaisha.

Lakini siku ya kabati ndiyo iliyonifunza biashara hii. Mteja alilipa nusu kwa simu, nusu mzigo ukifika. Kirikuu ikafika, vibarua wakalibeba, likapita mlango wa mbele vizuri, likafika kwenye kona ya korido, likagoma. Dirishani hakupitiki, kuna nondo. Kulifungua haiwezekani, halina msumari wala skrubu. Baba mwenye nyumba alikuwa chooni, ng'ambo ya kabati, na maoni yake aliyatolea huko huko. Mwishowe likarudishwa sebuleni, ndiko lilipo hadi leo na nguo za mama mwenye nyumba ndani yake. Akitaka kubadilisha, wageni hutoka nje kwanza.

Wasweden wa IKEA walikutana na balaa hili mwaka 1956: meza haikuenea kwenye gari, mbunifu wao Gillis Lundgren akang'oa miguu, na samani za vipande zikashika kasi. Nilipomsimulia Mama mkubwa alinitazama sana. "Mtu atoe milioni nne, halafu nimkabidhi mbao na spana?" Hapo sikuwa na jibu. Anayenunua kwa bei hiyo analipa ili asishike spana. Mwaka 2017 IKEA hao hao walitoa programu inayokuonyesha kochi likiwa tayari sebuleni kwako. Nzuri sana, ila kona ya korido haikuonyeshi.

Kwa hiyo sehemu bora ya tovuti yetu ni swali moja kabla ya malipo: mzigo utapita wapi? Mteja anajaza upana wa mlango, wa korido na wa ngazi, kisha anatuma video. Mama mkubwa huzitazama mwenyewe jioni, na huwa hakosi la kusema kuhusu mapazia ya watu.

Nawe unayefikiria kununua, tafuta tepu kabla hujashika simu. Mlango upime ukiwa wazi, na kona ya korido usiikadirie kwa macho. Mzigo ukigoma, nauli ya kirikuu ya kurudi ni ya mnunuzi, na hiyo haina maelewano.