Maji Yameingia Ndani: Namna ya Kulea Kuvu Nyumbani

Masika yakikaza Dar es Salaam usiku kucha, mkazi wa Kigogo au Jangwani huamshwa na ndala zinazoelea sebuleni. Wa Mikocheni asicheke; maji yake hupitia darini, gata likishaziba kwa majani ya mwembe. Kwa vyovyote vile, kuvu huanza kuota kwenye kitu kilicholowa ndani ya saa 24 hadi 48, na muda huo ndio wa kuamua: ama ukaushe nyumba, ama uikabidhi. Mwongozo huu ni wa walioamua kuikabidhi. Ni wengi, na hawajawahi kuandikiwa chochote.

Anza kwa kuingia majini. Mein swichi usiiguse. Uizime vipi wakati televisheni bado inawaka na taarifa ya habari inakaribia kukueleza kwamba kuna mafuriko? Waoga husimama nje mpaka umeme ukatwe, na mita ikiwa upande wenye maji humsubiri fundi umeme hata saa nzima. Wewe kunja suruali uzame, ukipapasa chini ya kochi kutafuta ile waya ya soketi nne. Friji iliyolowa ichomeke papo hapo uone kama ingali hai. Itakujibu yenyewe.

Kuhusu maji hayo, amini kwamba ni ya mvua tu. Usiulize nani alitapisha choo usiku ule, maana mabondeni mvua kubwa ndiyo gari la majitaka lisilodai malipo, na kipindupindu hakihitaji mwaliko mwingine. Usiwakumbuke pia watu wa Ruangwa, mkoani Lindi, waliougua ile homa ya mgunda mwaka 2022, ambayo vimelea vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na kumwingia mtu kupitia kidonda au mchubuko. Tembea pekupeku. Buti za mpira waachie wakulima wa mpunga.

Sasa godoro. Godoro la sponji lililokunywa maji ya mtaro lianikwe juani siku moja, likikauka juu litangazwe limepona. Ndani bado ni bwawa, lakini nani atafika huko? Likianza kunuka, lihamishie chumba cha wageni. Shemeji hawezi kulalamika, na safari ijayo atafikia kwa mwingine. Dari la jipsamu nalo liachwe lilivyo hata kama limefanya tumbo: lile karatasi lililofunika bodi ni chakula kizuri mno cha kuvu, na haifai kumnyang'anya mgeni sahani. Kisha rudisha kabati ukutani, libane sawasawa, ufunge madirisha kwa sababu ya wezi.

Madoa meusi yakijitokeza, changanya jiki na asidi ya kusafishia choo, ili dawa iwe kali. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ileile ambayo Wajerumani waliifungulia majeshi ya Ufaransa huko Ypres mwaka 1915. Fanyia kazi hiyo bafuni, mlango umefungwa.

Lakini ufundi wenyewe wa kulea kuvu uko kwenye rangi, na hapa Watanzania tumebobea. Mwite fundi. Ataugonga ukuta kwa kidole, atatikisa kichwa na kusema, "Hili ni jasho la ukuta tu, bosi." Mwambie apige rangi ya mafuta, ile inayong'aa, koti mbili, siku hiyohiyo. Rangi hiyo hufungia unyevu ndani ya tofali, nao ukikosa pa kutokea huivimbisha mpaka ibanduke vipande vipande. Ndipo unamwita fundi tena. Kuna mafundi wanaosomesha watoto kwa ukuta mmoja.

Mwenye nyumba za kupangisha afuate hayo na aongeze udi. Afukize chumba saa moja kabla mteja hajafika kukagua, azungumzie utulivu wa mtaa, apokee kodi ya miezi sita. Ajihadhari na mpangaji anayefungua kabati na kuingiza pua, au anayepapasa ukuta karibu na sakafu. Huyo ameshawahi kupanga. Mtoto akianza kubanwa kifua usiku, isemwe ni vumbi.

Wachache wasio na moyo wa kulea hufanya mambo ya kuchosha. Hupiga picha za hasara kabla ya kugusa chochote, kama wana bima. Hutoa nje kila kilicholowa, hulitupa godoro bila kuliaga, hukata dari lililovimba, huvuta makabati mbali na ukuta, na kuacha madirisha wazi mchana kutwa jua likiwaka. Husugua sakafu kwa sabuni kwanza, ndipo jiki iliyochanganywa na maji matupu. Gata na bomba hurekebishwa kabla ya kuhangaika na doa. Rangi huwa ya mwisho, ukuta ukishakauka hadi ndani, na ukuta wa tofali uliosimama kwenye mafuriko huchukua wiki kadhaa. Fundi wako akisema kesho anapaka, muulize kwanza ile ya mwaka jana ilibandukia nini.