Chopa Tatu na Kitunguu Kimoja

Mtu aliyetumikia kalamu kwa miaka 33, akastaafu na miwani yake, kiinua mgongo chake na vidole vyake vyote kumi, hudhani kwamba dunia haikubakiwa tena na jambo la kumfedhehesha, nami nilidhani hivyo hivyo mpaka asubuhi ya mkesha wa Idi, mke wangu aliponikabidhi kisu, kibao na kilo tatu za vitunguu, akaniambia kwa ile sauti ya upole ambayo sijapata kuishinda tangu tuoane, “Baba watoto, nisaidie hivi tu, mengine nitayamaliza mwenyewe.”

Kitunguu cha kwanza nilikikata kwa adabu. Cha pili kilinitoa chozi, cha tatu kikanitoa kamasi, na nilipofika cha tano sikuona tena mpaka ulio baina ya kitunguu na kidole, kisu kikapita katika vyote viwili bila ya upendeleo. Nikafunga kidole kwa kitambaa cheupe na kuendelea, kwa sababu mwanamume aliyekwisha kusema “nipe” hana njia ya kusema “chukua”. Na katika hali hiyo ndipo aliponikuta jirani yangu, mzee mstahifu apitaye barazani petu kila asubuhi na kifuko chake cha vitumbua, akaniona nimeinama, wajihi umelowa, nikivuta pumzi kwa kwikwi. Aliweka vitumbua chini. “Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun,” akasema, “ni nani?” Nilitaka kumjibu kwamba ni vitunguu, lakini kwikwi ilinikata neno, likatoka “vi…” peke yake, naye akatambua kuwa msiba ulikuwa mzito hata jina la marehemu lilikuwa halitamkiki. Nilipopata pumzi ya kumfahamisha, vijana wawili walikwisha kutumwa kuazima majamvi. Adhuhuri ile tulikuwa na majamvi manane barazani na hatukuwa na maiti.

Siwezi kukilaumu kitunguu, maana hujitetea kama kiumbe chochote. Kikatwapo, chembe zake hupasuka, na vitu vilivyokuwa vimetengwa ndani yake hukutana, ukazuka mvuke wenye salfa unaopanda mpaka machoni. Na kimeng’enya kinachoutengeneza mvuke huo kilitangazwa na wataalamu wa Kijapani mwaka 2002, ambao mwaka 2013 walitunukiwa kwa kazi hiyo tuzo ya mzaha itolewayo huko Marekani kwa utafiti unaowachekesha watu kwanza na kuwafikirisha baadaye. Mimi sikucheka. Lililonifikirisha ni kwamba kisu kikali hupasua chembe chache na kisu butu huziseta nyingi, na kisu chetu, kwa miaka kadha wa kadha, ndicho tulichokuwa tukifungulia makopo. Mtu mwenye akili angalitia kisu makali. Mimi nilikwenda Kariakoo kutafuta mashine.

Mtaa ule ulipata jina lake kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza wa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, nami nadhani ndiyo sababu haumwachi mtu aondoke mikono mitupu. Kijana mmoja mwenye ulimi wa asali, aliyetandaza bidhaa zake juu ya turubai, aliniamkia shikamoo kabla sijamwona, kisha akanionyesha kikombe cha plastiki chenye visu vitatu ndani na kamba juu ya kifuniko, akatia kipande cha kitunguu, akavuta kamba mara nne, akanifunulia chenga nzuri sawa sawa kama mchele. “Mzee wangu,” akasema, “chopa hii haitaki umeme, haitaki LUKU, haitaki fundi. Inataka mkono, na mkono unao.” Alitaka shilingi 15,000, tukashindana mpaka 9,000, nikaondoka kwa madaha ya mtu aliyemdhulumu mfanyabiashara.

Siku hiyo sikuuliza kwa nini vitunguu vyake vilikuwa vimemenywa na kupasuliwa vipande vinne, vikikaa katika mfuko nyuma ya mgongo wake. Nyumbani nilifahamu sababu: kitunguu kizima hakiingii. Ili mashine ikate kitunguu, sharti kitunguu kikatwe kwanza, kwa kisu kile kile, na kwa machozi yale yale; na kikishakatwa vipande vinne, kikombe hupokea kimoja na nusu, ukamimina, ukaanza tena. Nilikuwa nimeivuta kamba kwa mara ya ishirini hivi, nikiwa na tumaini maridhawa, ilipokatika ghafula, kiwiko changu kikarudi nyuma kwa nguvu zote na kukuta chupa ya chai. Hivyo chopa ya shilingi 9,000 ilinigharimu chupa ya shilingi 25,000, ghairi ya chai.

Mtu mwingine angalikoma. Lakini mimi niliazimia kwamba kosa lilikuwa katika kamba, si katika fikira, na juma la pili nikanunua mashine ya umeme iliyokwisha kutumika, nzito, yenye bakuli la kioo na maandishi ya Kijapani ambayo muuzaji aliyatafsiri kwa neno moja: “Imara.” Maandishi hayo, kama nilivyokuja kuelezwa na mpwa wangu anayesomea ufundi, yalisema kuwa mashine ile imeundwa kwa volti 100, ndizo zitumikazo Japani, ilhali ukutani petu hutoka volti 230. Nilipobonyeza, ilizunguka kwa kasi ambayo sijapata kuiona katika chombo cha jikoni, ikalia mlio wa ndege apaaye, ikatoa harufu ya mpira uunguao, kisha swichi kuu ikakatika na nyumba nzima ikawa kiza. Katika kiza hicho nilisikia sauti ya mke wangu ikiuliza, pasipo ghadhabu yoyote, kama nimeumia. Na sijui bado kwa nini upole ule uliniuma zaidi.

Ya tatu niliinunua mpya, na kwa hadhari. Nilitazama kibandiko cha chini kikisema volti 220 mpaka 240 na wati 400. Nikatazama plagi ina miguu mitatu ya kuingia katika soketi zetu bila ya kuazima kiunganishi. Nikagonga kisu kwa ukucha nisikie kama ni chuma cha pua au bati. Na nikauliza bakuli huchukua vitunguu vingapi, si lita ngapi, kwa sababu hakuna mpishi ninayemjua apimaye kachumbari kwa lita. Bei ilikuwa shilingi 45,000. Kuhusu umeme nilikuwa na wasiwasi bure: mashine ya wati 400 ikizunguka dakika 10 mfululizo, jambo ambalo hailiwezi wala haitakiwi kulifanya, haifikishi hata sehemu ya kumi ya uniti moja.

Ikawa Ijumaa, na mkwe wangu amekuja kula biriani. Nikasema vitunguu ni kazi yangu. Nikavitia, nikabonyeza, nikashikilia kidole juu ya kitufe nikihesabu mpaka ishirini, nikiona fahari. Nilipofunua, bakuli lilikuwa na kitu cheupe chenye povu, kilichokuwa kikitetemeka. Kikamiminwa katika mafuta ya moto, kikaruka, kikalia, kisha kikatulia na kuchemka kama supu, maana maji yote ya kitunguu yalikwisha kutoka, na kitunguu kilichokwisha toa maji hakikaangiki kikakauka kikawa rangi ya dhahabu. Mkwe wangu alisogea, akachungulia chunguni, akasema, “Mwanangu, huu ni uji wa mgonjwa gani?”

Akachukua kile kisu chetu, akakigeuza, akakinoa mara chache juu ya kitako cha kikombe cha udongo, akaketi juu ya kigoda, na kabla sijamaliza kuosha bakuli, kisu chake, kifuniko chake na pete zake za mpira, vitunguu vilikuwa vimekwisha katwa vipande vyembamba virefu kama mwezi mwandamo, wala jicho lake hata moja halikutoka chozi.

Nataka kuwa mwadilifu kwa mashine. Mke wangu, aliyekuwa na subira kuliko sisi sote, aligundua baada ya siku chache kwamba dawa yake ni kuibonyeza na kuiachia, kuibonyeza na kuiachia, mara tano au sita tu. Na kwamba biriani haiiwezi, bali kitunguu saumu na tangawizi inaviweza barabara, na karoti na kabichi, na nyama ya sambusa ambayo zamani tuliipeleka buchani ikasagwe na kurudi imepungua. Mwezi wa Ramadhani ilifanya kazi kila alasiri, nami nikaanza kuisifu mbele ya wageni kama kwamba nilikuwa nimeyakusudia yote haya tangu mwanzo.

Ikabaki hivyo mpaka juzi, nilipokiweka kifuniko chake, kwa muda mfupi tu, juu ya jiko nililodhani limepoa. Mashine yenyewe ni nzima kabisa, lakini imeundwa isizunguke mpaka kifuniko kikae na kibonye chake kiingie katika tundu lake, kwa ajili ya usalama wa vidole, na fikira hiyo mimi siwezi kuipinga. Muuzaji ameniambia kuwa vifuniko haviuzwi peke yake. Basi aliye na kifuniko cha namna hiyo, cheupe, cha duara, kibonye upande wa kushoto, ambacho bakuli lake limevunjika, nipo tayari kukinunua kwa bei ya haki kabla ya Ijumaa ijayo. Mkwe wangu ametuarifu kwamba anakuja.