Bei ni ya Gunia

Makala hii naiandika nimesimama, daftari likiwa juu ya friji, kwa sababu kifupa kile kinachomalizia uti wa mgongo hakitaki kusikia habari za kiti, kochi wala stuli. Daktari aliniuliza nimeangukia nini. Nikamwambia debe. Akaandika. Akauliza nilikuwa nafanya nini juu ya debe. Nikamwambia nilikuwa napima viazi. Akaweka kalamu chini, akaenda mlangoni kumwita nesi aje asikilize naye, na nesi akaja na mwenzake.

Viazi vyenyewe ni vya Lushoto. Ukitoka Mombo barabara inapanda kwa kona mpaka Soni, inapanda tena mpaka Lushoto mjini, na ukishika njia ya Mtae unaikuta Lukozi, ambako kabichi, karoti, hoho na viazi mviringo vya milima yote ile hukusanyika vikisubiri lori la Dar es Salaam. Wanaouza pale si matajiri wa mashamba. Ni mama mwenye kipande cha robo eka kilichoning'inia ubavuni mwa mlima, ametangulia alfajiri na mzigo kichwani, na bado ana kipande kingine bondeni kwa ajili ya maharage. Mama mmoja niliyenunua kwake sado ya viazi nilimsifia mzigo wake, akaniambia kama navipenda kiasi hicho nipande kesho nyumbani kwao, mama yake anavuna.

Nikapanda. Na mizani.

Hapa lazima nieleze. Sokoni kwetu mtaani viazi vinauzwa kwa sado, na sado zile vitako vyake vimechomwa moto vikasukumwa ndani, hata ukinunua sado mbili unabeba moja na ushee. Kwa hiyo nilikuwa na mizani yangu ya springi, ile ya kuning'iniza, mwisho wake kilo 50, na niliivaa begani maana mikono ilikuwa inashika majani ya tembo nisiteleze. Ukungu ulikuwa mzito. Nilipokaribia nyumba ya kwanza nikasikia mluzi. Ukajibiwa na mluzi mwingine huko juu. Halafu mbio: miguu ya watu, kitu kizito kikiburutwa, mwanamke akimhimiza mtoto kwa Kisambaa. Nilipotokea uani nikakuta watu kama thelathini wamesimama wima, mikono mitupu, na nyuma yao migombani pamejaa magunia yaliyofunikwa kanga.

Walidhani ni mtu wa vipimo.

Aliyeniokoa ni bibi mwenye nyumba. Alinitazama mizani, akanitazama raba zangu nyeupe, ambazo kwa saa ile hazikuwa nyeupe tena, akawageukia wenzake. "Huyu siye. Wa serikali anavaa buti." Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mzee mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Nikasema, "Shikamoo bibi." Akajibu, "Marahaba, mume wangu. Umekuja kunioa au kunipima?"

Kanga zikafunuliwa, kazi ikaendelea.

Bibi alinipitisha shambani. Alichimbua kiazi kimoja, akakisugua kwa kidole gumba. Ganda halikutoka. Akaniambia kiazi ambacho ganda lake linachubuka kwa kidole hakijakomaa, kitaoza njiani. Yeye hukata mashina kwanza, akaviacha viazi ardhini siku kadhaa ngozi igande, ndipo avune. Nami nikasugua. Ngozi ilikuwa nyembamba, baridi, na imara, na chini ya kucha yangu ukabaki udongo mwekundu ambao sabuni ya kwetu imeshindwa kuutoa. Hapo nilikuwa bado mtu mwenye heshima zake.

Kisha nikaiona lumbesa ikifungwa.

Wengi wetu tunajua lumbesa ni gunia lililojazwa kupita kiasi, basi. Aliyesema hivyo hajakaa akatazama. Linaingia debe la kwanza, la pili, la tatu, na baada ya kila debe vijana wawili hulishika gunia masikio, wakalinyanyua na kulibwaga, kila kiazi kitafute pa kulala. Debe la sita likiingia gunia limejaa mdomoni, na mtu wa kawaida angeshona hapo akaenda kunywa chai. Fundi ndio kwanza anavuta kigoda. Anachagua viazi vikubwa, kimoja kimoja, anavipanga ukingoni duara zima, ncha zikitazama ndani. Katikati anamwaga vidogo. Anapanga duara la pili, linaegemea ndani kidogo kuliko la kwanza, anamwaga tena vidogo. Ndipo anachukua shazia na kamba, anachoma ukingo huu, anavuka mpaka ukingo wa pili, anarudi, anakatiza, na kila kamba inayopita inakaza ukuta badala ya kuubomoa. La saba limeingia. La nane linaingia. Mwisho anatandika majani makavu ya mgomba juu ili jua lisivifanye viazi kuwa vya kijani na vichungu, anafunga fundo, na gunia linasimama na kilemba chake mbele za watu. Akalipiga teke. Hakikudondoka kiazi hata kimoja. Nimeona nyumba za saruji zisizoweza kustahimili teke lile.

Nikauliza kwa nini kujitesa hivi. Wakanieleza kwa zamu, kila mmoja akimkatiza mwenzake, maana hilo ndilo jambo wanalolijua kuliko sala. Lori linatoza nauli kwa gunia. Ushuru unahesabiwa kwa gunia. Mpakiaji analipwa kwa gunia, liwe na kilemba au kichwa wazi, na mgongo ni wake mwenyewe. Kwa hiyo kila anayelipia njiani anataka magunia yawe machache na makubwa, na dalali akija shambani anakuja na kipimo chake kichwani: si lumbesa, sichukui. Likifika mjini gunia linafunguliwa, na huko ghafla kilo zinazaliwa. Viazi vinapimwa kwa kilo, kwa sado, kwa fungu la vitano. Katika safari nzima mkulima ndiye pekee anayeuza kitu asichojua uzito wake.

Sheria ipo. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake zimeikataza lumbesa, na gunia la mazao halitakiwi kuvuka kilo 100. Viongozi wameikemea majukwaani miaka nenda, miaka rudi. Lumbesa inawasikiliza, inatulia, wakishuka jukwaani inaendelea kunenepa.

"Sasa hili lina kilo ngapi?" nikauliza.

Hakuna aliyejua. Bibi amelima viazi tangu ujana wake na hajui. Wote wakaitazama mizani yangu. Tukapima debe moja la kichele: kilo 17. Tukampima kuku, wakashangilia. Lakini lumbesa kwa mizani ya kilo 50 ni kuitafutia springi kifo. Ndipo mjukuu wa bibi, kijana aliyemaliza kidato cha nne na bado ana hasira na fizikia, akasema kuna njia. Akaleta boriti ya mkaratusi, akaifunga kamba katikati, akaining'iniza kwenye tawi la mti uani. Upande huu ikafungwa lumbesa. Akanigeukia kwa upole uliopaswa kunishtua.

"Kiongozi, wewe una kilo ngapi?"

Watu thelathini wakanyamaza. Hata kuku alinyamaza. Nikasema themanini. Bibi akayatembeza macho tumboni kwangu, yakaenda, yakarudi. "Sema kweli, mume wangu. Hapa si kwa wakwe."

"Themanini na sita."

"Inatosha. Panda."

Nikapanda boriti, miguu huku na huku, nikashikilia kamba. Vijana wakaachia. Sikuhisi kwenda juu. Niliona tu watu wanashuka. Lumbesa ilikaa chini imetulia kabisa, na mimi, baba wa watoto wawili, mwenye kadi ya bima, nilikuwa hewani nikipepesuka, raba zangu zikiwa usawa wa paji la uso wa mwenyekiti wa kitongoji. Watoto wakaanza kunizunguka. Mmoja alinivua kiatu akakitazama kwa ndani. Nikaomba kushuka, mjukuu akasema nikishuka hesabu itaharibika.

Wakatundika debe la kwanza upande wangu. Nikashuka kidogo. La pili. Bibi akapaza sauti, "Usipumue, unaongeza!" Nikaacha kupumua. La tatu lilipotundikwa boriti ikasita, ikacheza juu chini, ikalala sawa kama maji. Uwanja ukawa kimya. Kijana akachora chini kwa kijiti: mimi 86, debe tatu 51. Kilo 137.

Nilidhani watashangilia kama walivyomshangilia kuku. Hakuna aliyeshangilia. Kijana akaendelea kuchora. Kilo 37 juu ya gunia halali, yaani debe mbili na zaidi, bure. Lumbesa tatu zinazotoka uani pale zimebeba gunia zima ambalo halilipiwi na mtu. Bibi aliuliza hesabu irudiwe. Ikarudiwa. Akauliza, sauti ikiwa ya chini, "Tangu mwaka gani?" na aliyeulizwa hakuwa mjukuu, wala mimi.

Katika kimya hicho ndipo dalali aliingia uani na watu wake wa lori. Alinitazama pale juu, akatazama madebe, akatazama hesabu mchangani. Hakukasirika. Alitoa simu akanipiga picha.

"Bosi, shuka," akasema. "Bei ni ya gunia, siyo ya kilo."

Na akafungua kamba ya lumbesa yake.

Nimeshaeleza kwamba nilikuwa nimekaa upande wa pili. Lililotokea halikuwa na muda wa kueleweka. Lumbesa ilitua chini. Mimi na debe tatu tulirudi duniani kwa pamoja, wao wakitangulia nusu hatua, na lile la katikati likanipokea kwa ukingo wake. Kisha viazi vikaja. Nilifukiwa mpaka kiunoni na kilo 51 za viazi vya daraja la kwanza, ngozi imara, haichubuki kwa kidole. Ya kwangu ilichubuka.

Waliponifukua walikuwa wanacheka tena, wote, dalali na wakulima wake bega kwa bega, na hilo ndilo linaloniuma kuliko mfupa. Kwa maana dakika tano baadaye lumbesa zote zilipakiwa kwa bei ileile. Nilimuuliza bibi kwa nini hakukataa, hesabu anayo, mashahidi anao. Alikuwa anahesabu noti, akazirudia, ndipo akanijibu. "Nikikataa anakwenda kwa jirani. Jirani akikataa anakwenda kijiji cha pili. Viazi vyangu vinamngoja nani?" Akaniuzia debe langu, akanipunguzia bei kwa ajili ya maumivu, akanifungia na karoti za bure.

Nimesoma mengi kuhusu mkulima mdogo kuwa uti wa mgongo wa taifa. Sasa hivi nina maoni ya kitaalamu juu ya uti wa mgongo. Kila mtu anaukalia. Anayekunja sheria ni dalali mwenye simu na lori nyuma yake. Wanaojificha migombani kwa mluzi, magunia wakiyafunika kanga, ni waliopunjwa. Mtu wa vipimo akija kweli, anayemkuta na lumbesa mkononi ni bibi. Lori limeshaondoka.

Mashamba mengine nilikwenda vilevile, kwa kuchechemea. Kwenye plamsi niliambiwa nionje, nikaonja ambazo hazijaiva, na sitasimulia usiku wake. Kwenye kabichi mbuzi alikula karatasi niliyoandikia bei. Kwa mzee wa mapeasi sikuingia kabisa, mbwa wake alikuwa na maoni tofauti.

Katika basi la kurudi, nimesimama kwa hiari nikiwaachia kiti akina mama, ambao waliniombea baraka bila kujua, mfuko wangu ulifunguka kwenye kona za Soni, viazi vikashuka mlima kabla yetu mpaka miguuni kwa dereva.

Kisha kizuizi. Kijana mwenye kitabu cha stakabadhi akapanda, akaona mfuko wangu.

"Magunia mangapi haya?"

Nikamwambia hilo si gunia, ni debe moja, na sehemu yake bado inatafutwa chini ya viti. Nikamkumbusha kwamba tangu mwaka 2017 anayesafirisha mzigo usiofika tani 1 kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hatozwi ushuru. Abiria wakaniunga mkono. Konda akaniunga mkono. Kijana alifungua kitabu chake, akapitisha kidole kwenye safu, juu mpaka chini, kwa uaminifu kabisa.

"Debe halimo humu," akasema. "Lipia gunia."