Sifa za Njaa ya Saa Nne Asubuhi

Njaa ya saa nne asubuhi humjia mtu aliyekula mara ya mwisho saa mbili usiku, kisha akaamua mwenyewe, bila kushurutishwa na ukame wala madeni, kutotia kitu kinywani hadi saa sita mchana. Utaratibu huo wa kufunga saa 16 na kula ndani ya saa 8 huitwa mfungo wa vipindi. Njaa yake imesingiziwa mengi: wanaofunga huilaani, wasiofunga huifanya udhuru. Ni haki sifa zake zielezwe kwa mpangilio, kuanzia ukoo, elimu na tabia, hadi mji inakostawi na mahali heshima yake inapokoma.

Kwa ukoo, njaa hii ni ya wasomi. Mwaka 1912 Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alichapisha utafiti ambamo msaidizi wake, Washburn, alimeza puto likapulizwa tumboni ili kupima mikazo. Kila Washburn aliposema njaa inamsokota, chombo kilionyesha kuwa tumbo linajikaza. Hisia zinazoweza kujivunia kumezewa puto na mtu mzima ni chache. Mwaka 1999 Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wa Japani waliigundua ghrelini, homoni inayotolewa zaidi na tumbo lenyewe ili kuukumbusha ubongo habari za chakula. Hata mngurumo una kazi yake: tumbo na utumbo vikiwa vitupu hujikaza kwa zamu, takriban kila dakika 90 hadi 120, kusukuma mabaki mbele. Kinachosikika kanisani mahubiri yakirefuka ni usafi unaoendelea.

Kwa elimu, njaa hii husoma ratiba na kuikariri. Ghrelini hupanda karibu na saa ambazo mtu amezoea kula, hata kama siku hiyo hakuna kinachopikwa. Aliyekunywa chai na chapati saa nne kwa miaka mingi atatembelewa saa nne, mvua inyeshe, jua liwake. Ratiba ikibadilishwa na kushikiliwa, njaa nayo hubadilika taratibu. Ndiyo maana siku za mwanzo za mfungo huwa na kelele kuliko zinazofuata. Waliozoea kufunga Ramadhani walilijua hilo kabla homoni haijapewa jina, tena wao hujinyima hata maji, jambo ambalo mfungo wa vipindi haulidai.

Kwa tabia, sifa yake kuu ni subira. Kiu ikipuuzwa huzidi, na usingizi ukipuuzwa humwangusha mtu palepale alipo. Njaa ya saa nne hubisha hodi, husubiri kwa muda, na isipofunguliwa huondoka, kwa kuwa ghrelini hushuka yenyewe baada ya saa ya mazoea kupita. Huyu ndiye mdai pekee anayechoka kabla ya mdaiwa. Kosa la wengi ni kumlipa dakika tano kabla hajaaga.

Mahali pa kuisoma njaa hii vizuri ni Soweto, jijini Mbeya. Ndizi za Tukuyu, viazi vya Uporoto, mchele wa Kyela na parachichi za Rungwe hushushwa katika jiji hili kila siku, na baridi ya Juni na Julai huipa kila sufuria mvuke wake. Saa moja asubuhi supu iko tayari. Saa mbili maandazi yanatoka kwenye mafuta. Saa nne, wakati njaa inafika kazini, mama lishe wanaanza kukaanga vitunguu vya mchana, na mahindi yamekwisha kupangwa juu ya makaa. Aliyeshiba hupita hapo akiona foleni ya bajaji tu. Anayefunga hutambua, akiwa ng'ambo ya barabara, chapati ya nani imegeuzwa na ya nani inaungua. Hakuna darasa linalonoa pua haraka kiasi hicho, na ada yake ni kutokula.

Njaa hii pia ni mhasibu. Fedha ya chai na chapati mbili hubaki mfukoni tangu asubuhi, ikihesabiwa na kuhesabiwa tena kama akiba. Saa sita kamili akiba hiyo hutolewa yote, pamoja na nyongeza, kununua chipsi zege na mishikaki. Hapo lawama huangukia njaa, ilhali yenyewe ilishafunga hesabu zake na kuondoka.

Utunzaji wake si mgumu. Maji huipunguzia makali. Chai ya rangi isiyo na sukari huituliza, nayo haina haja ya kutoka mbali, maana majani yanalimwa Rungwe na Mufindi. Kazi ya mikono huisahaulisha, ila kazi ya kukaa karibu na meza ya wanywa chai huikumbusha. Zaidi ya yote, njaa ya saa nne hutengenezwa usiku uliotangulia: chipsi na soda huilea iwe kali, na maharage, mboga za majani, mayai na ugali wa dona huilea iwe na adabu, kwa sababu protini na nyuzinyuzi hukawia tumboni. Chakula cha saa sita hufuata kanuni hiyohiyo.

Faida zake hutangazwa kwa sauti kubwa kuliko ushahidi. Mwaka 2016 Yoshinori Ohsumi alipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi seli inavyovunja na kutumia upya sehemu zake zilizochakaa, na tangu hapo wafungaji wengi hujihesabu washirika wa tuzo hiyo. Ohsumi alifanya kazi yake kwa hamira iliyonyimwa chakula. Kwa hiyo kiumbe aliyeiletea njaa heshima ya Nobel ni yuleyule anayeumua maandazi ya saa mbili. Kuhusu uzito, jaribio la watu 139 huko Guangzhou, China, lililochapishwa mwaka 2022, lilidumu miezi 12. Waliopunguza chakula na kula ndani ya saa 8 tu walipungua kilo 8.0 kwa wastani. Waliopunguza chakula bila kubanwa na saa walipungua kilo 6.3, na tofauti hiyo haikutosha kitakwimu kuthibitisha ubora wa saa. Njaa yenyewe haikuwahi kuahidi zaidi ya hapo.

Heshima yake ina mipaka. Haifai kwa mjamzito, anayenyonyesha, mtoto anayekua, wala mtu aliyewahi kuugua kwa kujinyima chakula. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, na mwenye vidonda vya tumbo, hushauriana kwanza na daktari.

Mpaka wa mwisho uko Nyanda za Juu Kusini kwenyewe. Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma ndiyo mikoa minne iliyosifiwa kwa miaka mingi kuwa inalisha taifa. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta Iringa ikiongoza kwa udumavu: asilimia 56.9 ya watoto walio chini ya miaka mitano, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Udumavu hauletwi na ghala tupu peke yake. Huletwa pia na mlo wa aina moja, maradhi ya mara kwa mara na mama asiye na muda wa kumlisha mtoto mara za kutosha. Watoto hao hawakuchagua saa ya kula. Sifa zilizoelezwa hapa ni za njaa iliyochaguliwa na mtu mzima mwenye afya, ambaye sufuria yake inajulikana iko wapi. Njaa nyingine yoyote haidai kusifiwa, inadai chakula.